Pole kwa Mrusha Mpira

Mume wangu alipopatwa na kiharusi, mimi nilikufa ganzi. Si ganzi ya mwili, maana mwili ulifanya kazi kama punda. Asubuhi nilikuwa Germantown, huku Marekani, kwa bibi mmoja wa Kizungu, namwogesha, namvalisha, namlisha uji wake wa shayiri. Alasiri nilikuwa nyumbani kwangu Wheaton, naanza upya na mtu wangu. Kazi ilikuwa ile ile. Namna ya kumgeuza mtu kitandani bila kujivunja mgongo ni ile ile, glavu ni zile zile, hata maneno yaliyonitoka mdomoni yalikuwa yale yale: haya, tugeuke, vizuri, tumemaliza. Tofauti ni kwamba bibi wa Germantown aliniambia asante.

Mume wangu hakusema kitu. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu unaburutwa, na ulimi umefungwa. Alikuwa dereva wa basi la kaunti, mtu wa kusalimia kila abiria mlangoni mpaka wengine wanamwogopa, na sasa alikaa kwenye kiti chake sebuleni akitazama mbele kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. Madaktari walisema anasikia. Walisema anaelewa mengi kuliko tunavyodhani. Mimi niliwauliza swali moja tu, na nililiuliza kila nilipopata nafasi: ananijua? Walijibu kwamba ni mapema, tusubiri.

Basi nikasubiri. Sikuhuzunika kama nilivyotegemea kuhuzunika. Wakati wa chakula cha mchana nilikaa ndani ya gari nje ya nyumba ya yule bibi, nikatafuna mkate wangu, nikajiuliza mbona sihisi kitu, halafu nikasahau hata kujiuliza na kuanza kutafuta risiti ya maegesho.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu nyumba yetu. Mume wangu ni Mkamba na mimi ni Mluhya. Tulikutana Nakuru, ambako si kwao wala si kwetu, na tangu siku ya kwanza tuliongea Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho cha kugawana. Alinitongoza kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, tukamlea binti yetu kwa Kiswahili, ingawa yeye, kama watoto wengi wa huku, anakisikia vizuri na kukujibu kwa Kiingereza. Kikamba nilijua salamu na maneno machache aliyonifundisha tukiwa wachumba, akiniapia kwamba ni maneno ya heshima, nami nikaenda kumwamkia nayo shangazi yake. Ukoo mzima ulicheka. Shangazi mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta.

Lugha ya kwao ilikuwa lugha ya simu. Jumamosi alifunga mlango wa chumba cha kulala na kuongea na kaka yake aliye Machakos, na mimi kupitia ukutani nilimsikia mwanaume mwingine kabisa, mwenye sauti nyepesi na kicheko cha kijana. Nilimzoea mwanaume huyo kama unavyomzoea jirani mwema usiyemtembelea.

Baada ya kiharusi, shemeji hakuacha kupiga. Ni mtu mpole, mcha Mungu, na kila Jumamosi niliweka simu kwenye sikio la mume wangu, naye akamsemesha Kikamba, akamwombea, wakati mwingine akamwimbia nyimbo za Sunday school. Mume wangu alisikiliza. Alipepesa macho. Hakuna kilichotoka.

"Shemeji," aliniambia nikirudisha simu sikioni kwangu, "si umlete tu nyumbani? Huko mnamwongelesha Kizungu siku nzima, kichwa kinachoka. Huku atasikia lugha ya mama yake. Itamfungua."

Daktari mmoja naye alikuwa amesema kwamba mara nyingi lugha ya kwanza ndiyo hurudi kwanza, kwa hiyo sikuwa na la kumbishia. Nilisema nitafikiria. Kilichonisumbua, na hata hicho kilinisumbua kwa mbali kama kelele za mpangaji wa juu, ni hiki: akifunguka huko, atafunguka katika lugha ambayo mimi ni mgeni. Atarudi, lakini hatarudi kwangu.

Aliyemleta mrusha mpira nyumbani kwetu ni dereva mwenzake, mtu wa Jamhuri ya Dominika, mnene, mchangamfu, ambaye alikuwa akimaliza zamu ya asubuhi na kuja kukaa naye mpaka mimi nifike. Hawa wawili walikuwa marafiki wa miaka mingi bila lugha. Kiingereza cha mmoja kilijaa Kihispania, cha mwingine kilijaa Ukambani, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye mwenye shida. Sasa kwa kuwa mmoja haongei kabisa, mwingine aliona hakuna kilichobadilika sana. Alileta ndizi za kukaanga, akaunganisha simu yake na runinga yetu, akaanza kumwonyesha mtu wa kwao.

Huyo mtu wa kwao alikuwa mrusha mpira wa besiboli aliyestaafu zamani kidogo. Besiboli siijui. Nimeishi huku miaka mingi na bado nikiutazama uwanja wao naona watu waliosimama mbali mbali kama wamekosana. Lakini mtu yule nilikuja kumjua kuliko ninavyowajua baadhi ya binamu zangu. Alikuwa na tumbo. Alicheza mpaka umri ambao wenzake walikuwa wameshaanza kuuza bima, tumbo likicheza pamoja naye, na mtandao ukampenda kwa hilo. Kila siku kulikuwa na video yake ya zamani iliyofufuliwa upya. Vijana ambao hawakuwahi kumwona uwanjani walimwita mjomba, walimchora na taji kichwani, walimtakia heri ya kuzaliwa hata siku ambazo hakuzaliwa. Yeye mwenyewe kule kwao alijirekodi akila parachichi kwa kijiko, akiosha gari, akicheza domino na wazee wenzake na kushindwa. Alikaa tu barazani akapunga mkono, na mioyo ikapanda kwenye kioo kama povu la sabuni.

Nilimwuliza yule rafiki kwa nini. Mbona huyu, na si wale wenye misuli? Alifikiri sana, ndizi mkononi. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba wale wenye misuli unawatazama, lakini huyu angeweza kuwa wewe.

Video iliyopendwa kuliko zote ni fupi. Warusha mpira hawajui kuupiga mpira kwa gongo, si kazi yao, lakini zamani wengine walilazimishwa kushika gongo zamu yao ikifika. Mtu wetu anasimama, anajipanga, anazungusha gongo kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, anaukosa mpira kabisa, na nguvu zile zinamzungusha yeye mwenyewe. Kofia ngumu inaruka kwenda huku, yeye anaenda kule, anakaa chini kwa makalio mbele ya uwanja mzima. Halafu anacheka, anajipiga tumbo, anainuka.

Siku moja rafiki alikuwa ameiacha ijirudie. Mimi nilikuwa jikoni, napika chai. Nilisikia kicheko chake kinene, kisha nikasikia sauti nyingine.

"Pole."

Nilidhani ni runinga. Nikatoka na kitambaa mkononi. Kofia ikaruka tena, mtu mnene akakaa chini tena, na mume wangu, akiwa amemkazia macho, akasema kwa upande mmoja wa mdomo, kwa huruma kabisa, "Pole."

Ningependa kuandika kwamba moyo uliniruka. Nilichofanya ni kurudi jikoni kuzima moto ili chai isifurike. Niliporudi, rafiki yake alikuwa amesimama katikati ya sebule ameshika kichwa. "Poli ni nani?" aliniuliza. "Anamwita Poli. Mna ndugu anayeitwa Poli?"

Mtaalamu wa usemi aliyekuwa akija nyumbani kwetu ni Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni kwa mapenzi yake mwenyewe, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. "Hujambo, mzee? U hali gani leo?" alisema akiingia, na mimi niliyekulia kwenye salamu za "sasa" na "niaje" nilijisikia kama nimeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mama mzuri, mvumilivu. Wiki hiyo nilijigonga kidole cha mguu kwenye kiti cha magurudumu mbele yake, akaruka, akasema, "Samahani sana, dada!"

"Kwani ni wewe umenigonga?" nilimwuliza.

Akaona haya, maana kwa Kiingereza neno ni moja. Nami nikamwambia asijali, sisi tuna kosa lile lile kinyume chake. Mkenya huku akiona mtu amejikwaa kazini anamwambia sorry, na mwenyewe anashangaa, anamwambia si kosa lako. Bibi wangu wa Germantown aliniambia hivyo kila alipoangusha kijiko, si kosa lako, si kosa lako, mpaka nikaanza kujiuliza ananishuku nini. Nikamweleza mtaalamu kwamba samahani ni ya aliyekosa. Pole ni ya asiyekosa kitu, aliyekuwa tu amesimama pembeni akaona. Umeanguka, pole. Umefiwa, umetoka kazini, umebeba mzigo, mafua yamekushika, pole. Haiponyi kitu. Inakuambia tu kwamba kuna mtu amekuona.

Alilirudia neno hilo polepole, akalipenda. Kisha akaniketisha.

"Dada, ni jambo jema. Lakini tusifanye haraka kufurahi. Baada ya kiharusi maneno mengine hutoka yenyewe. Salamu, sala, nyimbo, hata matusi. Mdomo huyasema bila kuagizwa."

"Na yaliyoagizwa tutayajuaje?"

"Atakapotaka kitu. Atakapomwambia mtu fulani jambo fulani kwa sababu yeye analitaka."

Kwa hiyo ile pole ingeweza kuwa kikohozi tu. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikaosha vikombe.

Binti yetu ndiye aliyemrekodi. Hakuwa na ubaya. Alirudi kutoka chuoni akamkuta baba yake akimpa pole mrusha mpira, akacheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali, akaituma video kwenye kundi la ushirika wetu wa maombi wa Wakenya ili watu waone kwamba maombi yanajibiwa. Ushirika wetu haujui kutunza siri. Kabla ya Jumapili video ilikuwa imefika Nairobi, na ilikuwa imewekewa muziki. Wakenya wa kila mahali wakaanza kumwita Mzee wa Pole. Walimkata wakamweka kwenye kona ya video nyingine: mwanasiasa anateleza jukwaani, Pole, timu inafungwa dakika ya mwisho, Pole, bwana harusi anasubiri na bibi harusi haji, Pole.

"Mum, he's trending," binti yangu aliniambia, ameshika simu kwa mikono miwili kama bakuli la mchuzi wa moto. "Should I take it down?"

"Sijui," nikamwambia, na kweli sikujua. Alinitazama akingoja niseme kitu cha mama. Nikamwuliza kama amekula.

Nilisoma maoni ya watu ndani ya gari huko Germantown, mkate wangu mapajani. Mzee amenimaliza. Mzee ana roho safi, huyu ndiye tumpatie kura. Mtu mmoja aliandika kwamba baba yake alikuwa hivi hivi kabla hajawatoka, na kwamba anaitazama video kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mwingine aliandika kwamba huyu ni mlevi, na huyo alitukanwa ipasavyo. Nilisoma yote kama unavyosoma maelezo ya dawa ambayo si yako. Kisha nikafungua ukurasa wa mrusha mpira, nikasoma na maoni yake. Yalikuwa yale yale. Mjomba amenimaliza. Mjomba ana roho safi. Nikajiuliza kama ana mke, na kama mke huyo naye hukaa mahali peke yake akiona dunia nzima inampenda mtu wake wakati anakaa chini kwa makalio. Na kama kuna siku humwambia azime hiyo simu waongee mambo ya nyumbani.

Halafu ushirika ukaja na chapati. Walikuja kwa zamu, wamama kwa wababa, wakajaa sebuleni, wakasimama mbele ya mume wangu na kuuliza ile video iko wapi.

"Hebu tuwekee, sister! Baba, sema pole! Sema!"

Tukaiweka. Kofia ikaruka. Akasema. Wakapiga makofi, wakashukuru Mungu, wakajirekodi naye. "Si unaona vile ameimprove!" mama mmoja aliniambia akinishika bega. "Na wewe umenyamaza tu. Mshukuru Mungu, sister, wacha kukaa hivyo."

"Nimeshukuru," nikasema, nikampa sahani.

Rafiki Mdominika naye hakubaki nyuma. Aliipeleka video kwenye ukurasa wa mrusha mpira mwenyewe, na alasiri moja akaja mbio kutoka kwenye maegesho, jasho linamtoka, simu imenyooshwa mbele. Mrusha mpira alikuwa amejibu. Alikuwa ameweka moyo. Moyo mmoja mwekundu, bila neno. Kwa yule rafiki ilikuwa kama rais ametuma salamu. Akamwonyesha mume wangu moyo ule kwa karibu mpaka simu ikagusa pua. Ushirika nao ukapata habari, ikatangazwa baada ya ibada. Mimi niliwaza kwamba huenda moyo ule ulibonyezwa na mtu aliyeajiriwa kubonyeza mioyo, lakini sikusema, maana watu walikuwa wamefurahi na mimi sikuwa na furaha ya kuweka mahali pake.

Alasiri nyingine tulikuwa wawili tu nyumbani. Rafiki alikuwa ameondoka, binti yuko chuoni. Nilikuwa nimebeba kapu la nguo kutoka kwenye mashine, napita mbele ya kiti chake, na nikajiangusha. Sikupanga. Nilipofika kwenye ukingo wa zulia miguu iliona nafasi ikaichukua. Nilienda chini na kapu langu, soksi zikatawanyika, na nikatoa na sauti kidogo, "Aaii," kama mwigizaji wa shule ya msingi. Kisha nikamtazama.

Alinitazama. Nina hakika alinitazama, usoni kabisa. Halafu macho yake yakarudi kwenye runinga, ambako mtu mnene alikuwa ameanguka vizuri kuliko mimi.

"Pole," akamwambia.

Nilibaki pale kwenye zulia. Mwanasiasa amepewa, timu imepewa, bwana harusi wa watu amepewa, na mimi ninayemfunga nepi nimekosa. Hata kuumia sikuumia. Nilitafuta maumivu kama unavyopapasa miwani kitandani, nikakuta hayapo, nikaokota soksi moja moja nikaanza kuzikunja.

Jumamosi iliyofuata shemeji alipopiga nilimwambia sawa, tumlete.

Alishukuru sana, akaomba pale pale kwenye simu. Akasema chumba kiko tayari, ngazi wataziondoa, ndugu watapokezana. Aliongea kwa busara na kwa upendo, na kila alichosema kilikuwa kweli. Mimi ningebaki na kazi yangu, kwa maana lazima mtu abaki na kazi, na ningekuja kumwona Desemba. Binti yetu alisikiliza kutoka kwenye ngazi. "And you?" akaniuliza. "What do you want?" Nikamwambia nataka alale, kesho ana darasa. Hakupanda juu. Alienda kukaa chini kando ya kiti cha baba yake, akaegemeza kichwa kwenye goti lake lililo zima.

Kilichobaki ni kumwambia mwenyewe. Nilikuwa nimefika hivyo hivyo kutoka kazini, sare ya kazi mwilini, siku ambayo shemeji alikuwa apige tupange nani atampokea uwanja wa ndege. Rafiki alikuwa amemwachia runinga imewaka na kwenda zake. Mrusha mpira alikuwa barazani kwake, mubashara, ni siku yake ya kuzaliwa, ya kweli safari hii, wazee wa domino wamemzunguka na keki iko mezani. Maneno ya pongezi yalikuwa yakipita kwenye kioo kwa kasi isiyosomeka.

Nilisimama mbele ya runinga kwa sababu hapo ndipo macho ya mume wangu yalikuwa. Nikamwita kwa jina la mtoto wetu, baba fulani, kama ninavyomwita siku zote.

"Nataka kukuambia kitu," nikasema. "Kaka yako ameongea na mimi. Tumeona uende nyumbani kidogo. Machakos. Kutakuwa na jua, kutakuwa na watu wa kuongea nawe."

Aliinamisha kichwa upande wa kushoto. Nilidhani ananisikiliza, nikasogea kushoto ili macho yetu yakutane. Akainamisha upande wa kulia. Nikasogea kulia.

"Si kwamba nimechoka," nikaendelea. "Ni vile huku hakuna mtu wa..."

Mkono wake wa kushoto ulinyanyuka kutoka kwenye kiti. Ukanipungia kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anayefukuza kuku jikoni.

"Toka," akasema.



Alivuta pumzi. Nilimwona akilitafuta neno, mdomo umepinda, mshipa umesimama shingoni, akalipata moja, akaenda kutafuta la pili.

"Toka hapo, bwana!"

Sebule ile ilikuwa imeona wageni wiki baada ya wiki. Wamama wa ushirika walikuwa wamesimama pale pale niliposimama mimi, na mikoba yao na watoto wao, na aliwavumilia. Mtaalamu alimziba, akavumilia. Rafiki yake alicheza dansi mbele ya kioo kile kwa ajili ya moyo mwekundu, akavumilia. Mume wangu alilelewa vizuri, mgeni hamwambii kitu. Katika dunia hii ni mtu mmoja tu aliyewahi kufukuzwa naye mbele ya runinga, na alifukuzwa kila wikendi yenye mpira, miaka yote ya ndoa, kwa ukali ule ule, na bwana ile ile mwishoni.

Nilikasirika. Sijui niseme vipi jinsi nilivyokasirika. Ilinipanda kutoka kwenye nyayo, magoti yakapata moto, masikio yakapata moto. Mimi niliyesimama tangu alfajiri, nikamwinua mama wa watu, nikaendesha gari na foleni yote ile, nikaja kukuambia jambo la maana, unanifukuza kwa sababu ya mwanaume anayekata keki?

"Toka wewe!" nilimwambia. "Kwani hii nyumba ni yako peke yako? Nani anakuosha? Ni yeye? Mwambie basi aje akuoshe!"

Sauti yangu ilikuwa kubwa, ilijaa mpaka jikoni. Miguu ilikuwa inaniuma ndani ya viatu, mgongo unaniuma, kila kitu kinaniuma kwa mpigo mmoja. Na mume wangu, ambaye sasa nilikuwa nimemziba kabisa, aliinua macho kutoka pale kioo kilipokuwa, akayaleta usoni kwangu, na nusu ya mdomo wake ikaanza kucheka. Kilikuwa kile kicheko chake cha kuniudhi zaidi. Nilitaka kumpiga na mto.

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa shemeji.

"Shemeji, haji," nikasema kabla hajanisalimu.

"Ati nini? Kwani kumetokea nini? Ni mgonjwa?"

"Ameongea. Amenifukuza."

"Amekufukuza wewe?"

"Mimi. Nilikuwa nimesimama kwa TV."

Nilisikia akivuta kiti huko Machakos, akikaa. Nilimsikia pia akiogopa kuuliza alichotaka kuuliza.

"Amesema kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili," nikamwambia. "Amenifukuza kwa Kiswahili, shemeji."

Nyuma yangu mume wangu alikuwa akigonga mkono wa kiti kwa kiganja chake kizima, maana bado nilikuwa nimemziba.

"Basi mwache hapo," shemeji akasema.

Nikatoka mbele ya runinga, nikavuta kiti cha jikoni, nikaketi kando yake nikiwa bado nimekasirika.